Kabla Sijakupa Kamba

Hesabu pesa zako tena, Kashindye, mimi sina haraka.
Mnada wa Ipuli haufungwi mpaka jua liume kisogo,
na nina maneno ambayo hayaingii kwenye stakabadhi.

Huyu anaitwa Karani.
Tazama sikio la kushoto: hiyo alama nyeupe
ndiyo kalamu aliyozaliwa nayo.
Na kweli anaandika. Kila fimbo anaiandika,
kila kona, kila mlango
aliowahi kupewa maganda ya viazi.

Madumu sita. Umesikia? Sita.
La saba utaona linaenea,
na shetani wa la saba ana sauti ya mteja.
Mgongo haupigi kelele siku unapovunjika.

Kwato ya nyuma, mguu wa kulia, inaota upande.
Kila mwezi na nusu mpeleke Cheyo
kwa Misigalo mwenye tupa.
Usikate mwenyewe kwa panga la kuni.
Mimi nilikata.
Alichechemea siku thelathini,
na siku thelathini nilibeba maji kichwani,
kisimani mpaka Isevya, kisimani mpaka Isevya,
nikaujua uzito wa yule niliyemwita mvivu.

Treni ikipiga honi, husimama.
Usimpige. Hesabu mabehewa pamoja naye;
likipita la mwisho ataondoka bila kuambiwa.

Unasema utakwenda naye Sikonge, kwenye asali na tumbaku.
Kule kuna mbung'o.
Punda haanguki siku moja; anakonda kwa adabu,
wiki hii ubavu mmoja, wiki ijayo mwingine,
nawe unadhani ni kiangazi.
Bei ya sindano iweke kwenye hesabu ya leo.
Hizo ulizoshika ni kiingilio tu,
nyumba yenyewe utailipia kila asubuhi:

chumvi,
kivuli,
maji yasiyo na tope, maana atabeba maji ya mtaa mzima
na ya matope hayanywi.
Kulala peke yake hawezi. Kama huna punda mwingine, mpe mbuzi.
Nilimpa mbuzi. Mbuzi alipochinjwa Idi
Karani aligoma kula siku mbili,
na sisi nyama ile tuliila tumeinamisha macho.

Watakwambia shukrani ya punda ni mateke.
Nimepigwa moja, mwaka wa pili:
nilikaza mkanda juu ya kidonda, sikuangalia.
Lile teke lilikuwa langu.
Watakwambia pia, punda afe, mzigo ufike.
Waulize kesho yake
mzigo utabebwa na methali?

Sasa nitazame usoni.
Kuna wanunuzi wa kilo siku hizi.
Hawaulizi jina, hawaulizi umri,
wanapapasa ngozi kama mtu anayechagua kitenge.
Nawe ulipofika, mkono wako ulianzia kwenye ngozi.
Niliuona.
Kama ndivyo, sema hapa hapa, chukua pesa zako;
ada ya Mihayo nitaitafuta kwingine,
mwalimu mkuu amezoea kunisubiri.

Hujibu.

Unachuchumaa.
Unainua mguu wa nyuma, ule wa kulia,
unafuta mchanga kwa kidole gumba, polepole,
na Karani, ambaye hata daktari alimng'ata,
anakuachia uzito wake.

Haya.

Shika kamba. Na hii elfu kumi irudi kwako,
ni ya chumvi, usiinywee.
Ukitoka hapa, Isevya usipite;
zunguka kwa nyuma, hata kama ni mbali.
Mlango wangu ameuandika.
Atasimama mbele yake asubiri maganda,
nami nitakuwa ndani,
nimekaa kitako juu ya dumu tupu,
na sitatoka.